Mashine ya Mazoezi na Umeme Unaochezacheza

Mashine za kukimbilia zimetoka jimu zikaingia sebuleni. Mtu anayetoka kazini Posta jioni na kufika Goba au Mbezi saa mbili usiku hana tena pa kukimbilia: barabara haina taa, bodaboda zinapita popote, na mbwa wa majirani wameshafunguliwa. Basi ananunua mashine ya milioni na ushei, anaiweka kwenye kona ya sebule, kisha anaichomeka kwenye ekstensheni ya elfu kumi ambayo tayari imebeba televisheni, king'amuzi na chaja tatu za simu. Miezi michache baadaye mkanda hausogei, kioo kinaandika herufi na namba asizozielewa, na fundi akishafungua kifuniko anatamka neno moja tu: bodi.

Ushauri anaopewa baada ya hapo ni kwamba angenunua gadi. Si ushauri mbaya, ila gadi ipi, na ya kumkinga na nini? Umeme unaharibu vyombo kwa njia zaidi ya moja, na kifaa kinachoziba njia moja kinaweza kuwa pambo tu mbele ya nyingine. Ndiyo maana utamkuta mtu mwenye ekstensheni iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba inazuia umeme mkubwa, na bado friji yake imeungua.

Watu wengi wanaogopa radi. Mimi naogopa zaidi niutro iliyokatika. Laini inayopita mtaani ina nyaya tatu za fezi na mmoja wa niutro. Nyumba ya kawaida inapewa fezi moja na niutro, na kati ya hizo mbili kuna volti 230 kwa Tanzania, 240 kwa Kenya. Lakini kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 400 hivi. Niutro ikikatika nguzoni, au ikilegea kwenye kiungo kilicholiwa na kutu, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na ule umeme wa volti 400 unagawanywa kati yao bila haki yoyote. Nyumba inayotumia umeme mwingi inapata volti chache. Yenye vitu vichache vilivyowashwa ndiyo inayobebeshwa volti nyingi. Kwa hiyo anayeumia zaidi ni yule aliyekwenda kazini akaacha friji na ruta peke yake.

Hebu tufungue bodi ya mashine ya kukimbilia tuone kinachotokea. Umeme wa ukutani ni wa kupanda na kushuka, na hizo volti 230 ni kipimo cha wastani wake. Kilele cha kila wimbi kinafika kama volti 325. Mashine nyingi za nyumbani zina mota ya umeme wa mkondo mmoja, hivyo bodi inaunyoosha umeme huo na kuuhifadhi kwenye kapasita nene, umbo la kopo dogo, ambayo ubavuni imeandikwa 400V au 450V. Katika hali ya kawaida kuna nafasi ya kutosha kati ya 325 na 400. Lakini nyumba ikipokea volti 400 badala ya 230, kilele kinapita 560. Kapasita inavimba kichwani, inapasuka, inamwaga maji yake juu ya bodi, na vidude vilivyo jirani vinaondoka nayo. Televisheni, king'amuzi na hata chaja za simu zina kapasita ya namna hiyohiyo ndani, na zinakufa kifo hichohicho.

Dalili zake zinaonekana kwa macho, kwa hiyo mfundishe kila aliye nyumbani, hadi dada wa kazi na watoto. Taa zinang'aa kupita kawaida, feni inazunguka kama inataka kung'oka darini, huku jirani wa upande wa pili akilalamika kwamba taa zake zimefifia. Ukiona hivyo usianze kutafuta simu wala kuchungulia dirishani. Zima meni swichi kwanza, ndipo uulize. Ukianza kuchomoa kimoja kimoja unapoteza sekunde, na tena kila unachokizima kinaviongezea mzigo wa volti vile vilivyobaki.

Hapa ndipo ekstensheni ya "kuzuia umeme mkubwa" inapoishiwa. Ndani yake, kama kweli kuna kitu, kuna kidonge cha bluu au cheusi chenye ukubwa wa sarafu, ambacho mafundi wanakiita varista. Kazi yake ni kumeza mpigo mfupi sana, wa sehemu ndogo mno ya sekunde, kama ule unaosababishwa na radi iliyopiga mbali au mitambo inayowashwa na kuzimwa. Kwa kazi hiyo ni kizuri. Ukikipa volti 400 kwa dakika nzima kinachemka, kinatoa moshi, na kinaweza kuwasha moto. Halafu kinachoka: kila mpigo unapunguza uhai wake kidogo, na ekstensheni inaendelea kupitisha umeme vizuri tu baada ya kidonge kufa. Zile zenye heshima zina kitaa kidogo kinachoonyesha kama kinga bado ipo. Kikizimika, hiyo ni ekstensheni ya kawaida, ichukulie hivyo.

Kinachokufaa dhidi ya niutro iliyokatika ni kifaa kinachokata. Kinapima volti muda wote, zikipanda au kushuka kupita kiwango kinafungua njia, na hakirudishi mpaka hali itulie. Kipo cha kuchomeka kwenye soketi, ndicho hicho tunachokiita friji gadi au TV gadi. Kipo pia cha kufungwa kwenye ubao wa breka, chenye kioo kidogo kinachoonyesha volti kwa namba, ambacho kinalinda nyumba nzima. Mwenye nyumba yake afunge hicho cha pili. Kipangwe kikate volti zikishuka chini ya 180 au zikipanda juu ya 255 hivi, na kisubiri dakika tatu kabla ya kurudisha. Mpangaji, ambaye hawezi kugusa ubao wa mwenye nyumba bila mazungumzo marefu, abaki na gadi za kuchomeka.

Lakini soma ampea. Hapa watu wanakosea sana, na wauzaji hawawasaidii. Friji gadi nyingi ni za ampea 5, na friji ya nyumbani inaridhika nazo. Mashine ya kukimbilia ni mnyama mwingine. Nguvu farasi moja ni wati 746, hivyo mota ya nguvu farasi 2.5 ni karibu wati 1,900. Gawanya kwa 230 unapata zaidi ya ampea 8, kabla hujahesabu umeme unaopotea njiani na kabla mtu wa kilo tisini hajapanda juu. Ichomeke kwenye gadi ya ampea 5 na utaikuta gadi imeyeyuka. Tafuta ya ampea 13 kwenda juu. Zipo, mara nyingi zinauzwa kwa ajili ya viyoyozi, mafriza makubwa na mashine za kufulia. Muuzaji akikwambia "hii inabeba kila kitu", igeuze usome mgongoni.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi. Usiku kama huo mashine zinakuwa salama salimini, kwa sababu hakuna umeme wa kuziunguza. Hatari ni pale unaporudi. Kila friji, kila pampu ya maji na kila kiyoyozi cha mtaa mzima kinataka kuanza kwa pamoja, na mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kiasi inachotumia ikishazunguka. Volti zinaanguka, umeme unakatika tena, unarudi, unakatika. Kompresa ya friji inateseka kuliko vyote, kwa sababu ikizimwa ghafla gesi inabaki imebanwa upande mmoja, na inahitaji dakika chache kusawazika. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo inang'ang'ana bila kuzunguka, inavuta umeme mwingi na kuchemka. Zile dakika tatu za gadi zimewekwa kwa ajili hiyo. Wanaolalamika kwamba gadi "inachelewesha" na kuiruka wanalipa pesa kwa ajili ya kinga, kisha wanaivua.

Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa vitu vya thamani na uache taa moja tu imewashwa. Ikiwaka, usikimbilie. Iache kama dakika kumi. Ikikaa bila kufifia wala kuchezacheza, rudisha friji, kisha televisheni, na mashine ya mazoezi iwe ya mwisho. Na kama umeme utakatika ukiwa juu ya mashine, mkanda unaweza kusimama ghafla chini ya miguu wakati mwili bado unakwenda mbele. Anayekimbia juu ya mashine katika mtaa wenye umeme wa wasiwasi na awe karibu na vishikio, na ile kamba yenye klipu aifunge kwenye nguo badala ya kuiacha ikining'inia.

Sasa umeme mdogo, ambao hausemwi sana kwa sababu hauui kwa kishindo. Saa moja usiku, mwisho wa laini ndefu, ambako transfoma moja inahudumia nyumba nyingi kuliko ilivyokusudiwa, volti 170 si jambo la kushangaza. Televisheni za siku hizi hazijali. Soma kibandiko cha nyuma, nyingi zimeandikwa 100-240V. Mashine ya kukimbilia iliyoandikwa 220-240V inajali. Bodi inajitahidi kushika mwendo uleule kwa volti pungufu, kwa hiyo inavuta ampea zaidi, na ampea ndizo zinazochemsha nyaya na bodi. Stabilaiza inasaidia, lakini iwe na uwezo wa kweli: kwa mashine ya wati 1,900 usinunue chini ya VA 3,000, na usiamini namba iliyo kwenye boksi kabla hujainyanyua. Stabilaiza ya kweli ina transfoma ya shaba na chuma ndani, na ni nzito. Ya VA 3,000 unayoweza kuibeba kwa vidole viwili haina kitu. Nafuu kuliko yote ni kubadilisha saa: kimbia alfajiri, wakati mtaa umelala na volti zimetulia.

Kuna jambo moja ambalo umeme unasingiziwa. Mkanda wa mashine unateleza juu ya ubao, na kati yao panatakiwa mafuta ya silikoni, si ya kupikia na si ya gari. Ukikauka, mota inaburuta mzigo kutwa nzima, bodi inachemka, na siku moja inaungua umeme ukiwa mzuri kabisa. Mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, ingiza vidole chini ya mkanda kila baada ya wiki chache. Ukihisi ukavu, paka mafuta. Chupa moja inakaa muda mrefu na bei yake haifikii hata nauli ya kumleta fundi.

Nimeiacha ethi hadi sasa, ila kama una pesa ya jambo moja tu, anzia hapa. Ule waya wa kijani na njano unaopitia kwenye pini ndefu ya plagi unaishia kwenye fito ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Bila huo, varista zilizounganishwa kwenye ethi hazina pa kumwaga mpigo zinaoumeza, na kifaa cha kuzuia radi kwenye ubao wa breka ni chuma kilichoning'inia. Nyumba nyingi hazina ethi ya kweli. Ukigusa mlango wa friji ukiwa peku na mkono ukasisimka, wengi watakwambia friji "inapiga shoti" na kukushauri uvae ndala. Ndala hazirekebishi kitu. Friji hiyo inakwambia kwamba umeme unaovuja hauna njia ya kwenda ardhini, na siku ya hitilafu kubwa njia itakuwa mwili wa mtu.

Chunguza mambo mawili leo, bila kipimo chochote. La kwanza ni ekstensheni. Ichomoe ukutani, fungua plagi yake kwa bisibisi, hesabu nyaya. Zinatakiwa tatu. Ekstensheni nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zina matundu matatu kwa nje na nyaya mbili kwa ndani. Tundu la juu ni la kujaza nafasi tu. Kama plagi ni ya kiwandani isiyofunguka, angalia unene wa waya: ukiwa mwembamba kama wa chaja, hiyo si ya mashine ya kukimbilia, hata ziwepo nyaya tatu. Mashine hiyo inastahili soketi yake ya ukutani, bila ekstensheni na bila kugawana na pasi. Na ukiwa hapo kwenye plagi, tazama fyuzi. Ukikuta imezungushiwa karatasi ya sigara au kipande cha waya, itupe, weka fyuzi ya ampea 13. Fyuzi haizuii umeme mkubwa, lakini inazuia waya usishike moto.

La pili ni soketi zenyewe. Kama kuna mtu anachomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, hiyo tabia ife leo. Mbali na hatari ya kupigwa, inatanua vyuma vya ndani mpaka plagi inalegea, na mguso uliolegea unatoa cheche kila mashine inapovuta umeme. Soketi iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia pembeni ya matundu imeshaanza kuungua.

Fito yenyewe iangaliwe na fundi mwenye kipimo. Asikuridhishe kwa kuonyesha waya unaoingia ardhini. Apime ukinzani wa ardhi, na apime kiangazi, wakati udongo umekauka na hali ni mbaya kuliko zote. Kwa wa pwani, kuanzia Kigamboni hadi Tanga na Unguja, chumvi ya hewani inakula klipu inayoshika waya kwenye fito. Unakuta fito ipo, waya upo, na kati yao kuna unga wa kijani. Kwa Tanzania Bara, muulize fundi leseni yake ya EWURA kabla hajafungua ubao. Wapo wazuri wasiokuwa nayo, lakini wewe huna njia ya kuwatambua.

Ethi ikishakuwa sawa, ndipo uongeze kizuia mipigo cha kwenye ubao wa breka, kile cha daraja la pili, kwa ajili ya radi. Kanda ya Ziwa na milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na juu ya Ziwa Victoria nyingi hupiga usiku, watu wakiwa wamelala na vyombo vimechomekwa. Mwambie fundi nyaya za kifaa hicho ziwe fupi kadiri inavyowezekana, nusu mita kwa jumla au chini ya hapo; zikizungushwa kwa mapambo zinapunguza kazi yake. Na usisahau milango mingine. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga jirani inaamsha umeme kwenye kila waya mrefu ulio karibu, ukiwemo wa dishi na wa intaneti unaotoka nguzoni. Unaweza kuchomoa plagi ya televisheni na bado ikaungua kwa kupitia waya wa king'amuzi. Masika na vuli zikianza, mawingu yakifunga, chomoa vyote viwili. Hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda plagi iliyo sakafuni, ila ichomoe kabla ya ngurumo kuwa juu ya kichwa chako.

Neno kwa wanaonunua mashine za mtumba au kuletewa na ndugu walio Marekani. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120. Mashine yenye kibandiko cha 110 au 120V ikichomekwa kwenye soketi ya kwetu inakufa siku hiyohiyo, na adapta ya kubadilisha umbo la pini haibadilishi volti. Inahitaji transfoma ya kushusha, na kwa mashine ya kukimbilia iwe ya VA 3,000 au zaidi. Jumlisha bei yake kabla hujamshukuru ndugu. Zinazotoka Uingereza au Dubai hazina tatizo hilo. Baiskeli za mazoezi zenye sumaku nazo hazisumbui: nyingi zinatumia betri au kiadapta kidogo, na umeme ukiharibu, ni kiadapta tu.

Kama mashine imeshaungua, usikubali haraka kwamba bodi nzima imekwisha. Mwambie fundi wa elektroniki, si wa kufunga nyaya, aangalie mahali umeme unapoingilia kwenye bodi: kuna fyuzi ndogo, na mara nyingi varista pembeni yake iliyojitoa mhanga. Zikiwa hizo tu ndizo zilizoungua, matengenezo ni ya elfu chache. Asirudishe fyuzi peke yake na kuiacha varista iliyopasuka. Mashine itawaka na kukimbia, lakini mpigo unaofuata utaikuta bodi uchi. Kapasita kubwa aiache itulie na aimalize umeme wake kabla ya kuigusa, maana inaendelea kuushika hata plagi ikiwa imechomolewa. Na kama mtaa mzima umeunguliwa kwa wakati mmoja, piga picha za vifaa kabla havijafunguliwa, andika saa, toa taarifa kwa shirika la umeme siku hiyohiyo na uombe namba ya taarifa, kisha muunganishe malalamiko na majirani, kila mmoja akiwa na orodha yake na risiti zake.